Kitendo cha Saba

Nchelenge, 14 Machi 1956

Kwa Bwana Karani Patson Chola, Pweto

Bwana Karani,

Kaka yangu Kafula Mpundu alipotea ziwani siku ya Jumatano, tarehe 8 Februari mwaka huu, yeye na mutumbwi wake na nyavu nne. Mutumbwi na nyavu ninaweka kando. Ninakuandikia juu ya kaka.

Hunijui. Mimi ni Olipa, dada yake. Ninakausha samaki hapa Nchelenge na kuwauza upande huu na upande wenu. Kiswahili nilijifunza kukiandika Kasenga, wakati mume wangu wa kwanza alikuwa fundi wa mashua kule. Hesabu sikufundishwa na mutu, nilijifundisha mwenyewe kwa punje za mahindi. Kiingereza sijui.

Tarehe 27 Februari boma balinipa barua moja ya Kiingereza. Karani wa pale ni mugeni, akaniambia maneno matatu: amekufa, amezikwa, pole. Nikaipeleka kwa mwalimu. Mwalimu akaisoma mbio kama mutu anayekimbia mvua, akainua kichwa: "Mama, amekufa, amezikwa, pole." Bwana Karani, barua ile ina maneno sitini na tatu. Mimi nimepewa matatu. Sitini yako wapi?

Watson, mwenye mashua inayovusha samaki wangu, anasema Pweto kuko karani mumoja anayejua Kiingereza cha misheni, mutu mupole, hamufukuzi mutu mulangoni. Na kaka alizikwa huko huko kwenu. Ziwa lote linatokea Pweto, na kitu linachochukua huku kwetu linakuja kukiweka kwenye muchanga wenu. Kwa hiyo nimekuchagua wewe.

Nimenakili barua yote kwenye karatasi ya pili, herufi kwa herufi, kama mutu anayefuma wavu wa mwingine: sijui ni wa samaki gani, lakini hakuna jicho nililoruka.

Siulizi kwa ajili ya kulia tu. Sisi ni ukoo wa Samaki. Maiti yetu inazikwa na batani betu, ukoo wa Mamba. Bao ndio banamuosha, bao ndio banachimba, bao ndio banatutukana kwenye kilio mpaka tucheke hatutaki. Na siku ya kurithisha jina, yule aliyemulaza maiti kwenye udongo anakuja kukaa kwenye mukeka na kumupa murithi maji kwa mukono wake. Bila yeye jina halishuki. Mudogo wetu Kasonde anangoja jina la Kafula. Mujane, Matildah, anakaa ndani na kitambaa cheusi kichwani. Hagusi wavu, hapikii mutu, haendi sokoni, mpaka siku hiyo. Leo ni siku ya thelathini na tano.

Kama aliyemuzika kaka si Mamba, tutakuja kufanya kazi upya. Kama ni Mamba, tumulete. Basi ninataka jambo moja: barua inasema ni nani alimuzika?

Na wewe, kama ni Mamba, ujue unaandikiwa na chakula chako cha asubuhi. Uwe na adabu.

Olipa Mpundu


Pweto, 29 Machi 1956

Mama Olipa,

Pole sana kwa msiba. Barua yako nimeipokea mkononi mwa Watson, na karatasi ya pili pia. Umenakili vizuri kuliko makarani wengi ninaowajua. Umekosa herufi mbili tu.

Kabla ya kukujibu lazima nikueleze jambo la Kiingereza, maana bila hilo jibu langu litaonekana kama ujanja.

Sisi pia tunasema "alipigwa" na "alichukuliwa." Lakini Waingereza wamelichukua jambo hili wakalijengea nyumba nzima, nami tangu siku niliyofundishwa sijaacha kulistaajabia. Wanaweka neno dogo, "was," mbele ya kitendo. Mara moja aliyetenda anaweza kutoka nje ya sentensi, na sentensi isianguke. Mtumbwi unakwenda na ndani hamna mtu. Mara ya kwanza nilipoona ukurasa mzima wa namna ile niliweka kalamu chini. Nilihisi kama nimeingia kijiji ambamo moto unawaka, maji yametekwa, unga umetwangwa, na hakuna mtu hata mmoja.

Halafu nyuma ya kitendo wanapigilia neno jingine dogo, kama kigingi, na kila kigingi kinashika kitu chake. Kikiwa "by," aliyetenda anarudi, ila anarudi wa mwisho, kama mtu aliyechelewa kanisani. Kikiwa "with," kinachofuata ni chombo kilichotumika, au kitu kilichofuatana naye. "From" ni alikotoka, "to" ni alikopelekwa, "in" ni ndani ya kitu, "at" ni mahali. Na vigingi havibadilishwi ovyo. Ukisema mtu alipigwa "by" fimbo, ni kama fimbo iliinuka yenyewe. Ukisema alipigwa "with" fimbo, basi mkono upo, lakini umefichwa.

Sasa barua yako inasema hivi. Alitupwa na upepo kutoka mtumbwini. Alichukuliwa na maji mpaka Pweto. Alikutwa, "found," na wavuvi kwenye mchanga. Alifungwa ndani ya blanketi. Alizikwa kwa heshima karibu na kanisa. Kaburi lilitiwa alama kwa jiwe.

Unauliza ni nani alimzika. Barua haisemi. Nyuma ya kuzikwa, "buried," kuna "with," ikifuatwa na heshima. Kisha kuna "at," ikifuatwa na mahali. Kigingi cha "by" hakikupigiliwa. Aliyeandika hakukosea, Kiingereza kinamruhusu.

Unisamehe kuchelewa kujibu. Kitabu changu cha Kiingereza kiliingia maji, na kurasa za sura hii hii zimeshikana. Ninazitenganisha kwa wembe, moja baada ya moja.

Mungu awafariji.

P. Chola, karani


Nchelenge, 11 Aprili 1956

Bwana Karani,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Siwezi kukudanganya: nimeshangaa sana. Nilidhani Kiingereza ni maneno tu, yao mengine na yetu mengine. Kumbe ni macho mengine. Nilisimama pwani na kuangalia nyavu zimevutwa, samaki wamepasuliwa, chumvi imetiwa, na kwa kitambo kidogo sikumuona mutu, niliona vitendo tu vinatembea vyenyewe kwenye muchanga. Lugha gani hii inayoweza kumutoa mutu duniani na kuiacha kazi yake?

Niliwaeleza banamuke kwenye vichanja vya samaki. Mumoja akaniuliza: "Kwa hiyo mutu akiiba samaki wako, kwa Kiingereza samaki wameibwa tu?" Nikamwambia ndiyo, inaweza kuwa hivyo. Akapiga makofi: "Yaani bazungu bana dawa ya kumufichia mwizi, na dawa yenyewe ni ya bure!" Balicheka mpaka kimoja cha vichanja kikaanguka. Samaki "was" kuangushwa "by" kicheko. Umeona? Ninajifunza.

Lakini sasa nisikilize. Nimeitazama barua ya boma kwa vigingi vyako, na imeniuma kuliko mwanzo. Upepo umetajwa. Maji yametajwa. Bavuvi bametajwa. Yule aliyeshika jembe akachimba, akamulaza kaka yangu kwa mikono yake miwili, huyo hana jina. Upepo una heshima kuliko yeye? Vitendo sita, vitatu vina mwenyewe, vitatu ni yatima.

Na hapo ndipo hesabu ilinizuia mukono. Nilichukua punje za mahindi na kuweka punje moja kwa kila "was." Nilihesabu mara nne. Ni saba. Wewe umenipa sita.

Bwana Karani, mimi ninauza samaki kwa idadi tangu mwaka 1938. Hakuna mutu amewahi kunipa sita akaniambia ni saba.

Nikatafuta. Neno uliloniambia ni la kukutwa, "found," liko mara mbili. Umenieleza mara moja tu, pale pa bavuvi. La pili lina "with" nyuma yake, na mbele yake kuna neno ninalolijua, maana limepigwa chapa juu ya daftari hili ninaloandikia: "book." Kitabu kilikutwa pamoja naye.

Kafula hakujua kusoma. Alikuwa anashika barua kichwa chini miguu juu na kutikisa kichwa kama padri. Kitabu gani? Cha nani? Kiko wapi? Na wewe, mutu wa kutenganisha kurasa kwa wembe, uliruka namna gani sentensi nzima?

Tena nilikutukana na hukunijibu. Mamba akitukanwa na samaki hanyamazi, damu haimuruhusu. Na mutu asiye Mamba angesema, "Mama, umekosea mulango." Wewe hukusema hili wala lile.

Leo Matildah ana siku sitini na tatu ndani. Sawasawa na maneno ya barua ile. Juzi alianza kufuma wavu kwa uzi ambao hauko, vidole tu vinakwenda hewani, na nikamushika mikono ili aache.

Watson atakuja na mudogo wangu Kasonde. Mupokee.

Olipa Mpundu


Pweto, 30 Aprili 1956

Mama Olipa,

Hesabu yako ni sahihi. Ni saba. Kitendo kimoja kiliachwa, na hakikuachwa kwa bahati mbaya.

Ni kweli kitabu kilikutwa pamoja na Kafula. Kilikuwa kimefungwa ndani ya kipande cha turubai, na turubai ilikuwa imefungwa kiunoni mwake kwa kamba ya wavu, mafundo matatu. Mafundo yalikuwa magumu sana. Yalifunguliwa kwa meno.

Kitabu hicho ni cha kufundishia Kiingereza. Kiliagizwa kutoka duka la misheni upande wenu, na Kafula aliombwa akilete. Aliombwa akilete upesi, kwa sababu mtihani wa wakalimani ulipangwa tarehe 13 Februari. Hakulazimishwa. Aliambiwa tu kwamba siku zimebaki chache. Upepo wa juma lile haukufikiriwa.

Mtihani haukufanywa na aliyekingoja kitabu. Siku ile ya mtihani palikuwa na kaburi la kufukiwa vizuri, kwa sababu mvua ilikuwa imelibomoa ubavu.

Barua ya boma iliandikwa hapa Pweto. Mkubwa wa hapa alitaka taarifa ya Kiingereza ipelekwe ng'ambo kwenu, kwa Waingereza, na Kiingereza kikapatikana. Iliandikwa mara tano. Katika ya kwanza kulikuwa na "by" nyuma ya kila kitendo. Katika ya tano zilibaki tatu.

Kitabu kilianikwa juani siku tisa. Kaburi linafagiliwa kila asubuhi kabla ya kengele ya kazi. Hilo lijulikane kwenu.

Mtu akifa njiani kwa ajili ya karatasi, jina la aliyezitaka karatasi hizo linatamkwa vipi mbele ya dada yake? Neno hilo halikufundishwa katika sura yoyote.

Kasonde aombwe radhi. Alifika ofisini na hakukutwa mtu.

P. Chola


Nchelenge, 9 Mei 1956

Patson,

Leo sikuiti Bwana Karani. Karani ni mutu anayekaa kwenye kiti chake.

Kasonde amerudi na amenieleza. Alifika kwenye ofisi yako saa mbili ya asubuhi. Kofia iko kwenye musumari. Kikombe cha chai kiko mezani kinatoa moshi. Kiti kina joto. Dirisha la nyuma liko wazi, na chini yake kuna alama ya viatu viwili kwenye matope. Karani muzima, na suruali ya kupigwa pasi, kutoka kwa dirisha kama kuku! Kasonde alikaa, akakunywa chai yako, akakungoja mpaka kengele ya saa sita. Halafu kesho yake, jua likitoka, akaenda kwenye kaburi. Akakuta mistari ya fagio bado mibichi, na viatu vilevile.

Nimesoma barua yako mara saba, mara moja kwa kila kitendo. Nimeitafuta "mimi" ndani yake. Haimo. Umeniandikia Kiswahili, lugha ya mama yako, na umeigeuza kuwa kile kijiji chako cha moto unaowaka bila mutu. Kitabu kiliagizwa. Kafula aliombwa. Mafundo yalifunguliwa kwa meno. Meno ya nani, Patson? Meno nayo yalikuja yenyewe kutoka porini?

Basi ngoja mimi niweke majina, kwa sababu ninaogopa vitu vichache kuliko wewe.

Nilimushika Watson nikamuuliza vizuri. Akakumbuka. Jumanne tarehe 7 Februari alimuona Kafula hapa pwani na kitu chini ya kwapa, akamuuliza ni nini. Kafula akacheka, unajua alivyokuwa anacheka, na kichwa nyuma. Akasema: "Ni chakula cha mamba wangu mumoja kule Pweto. Samaki wamemuchosha, sasa anataka kula karatasi."

Mamba wangu. Alisema hivyo. Kwa hiyo wewe ni mutani wetu, na rafiki yake, na ni wewe uliyemuosha, ni wewe uliyemufunga kwenye blanketi, ni wewe uliyechimba. Kazi yote uliifanya sawasawa, bila kukosa hata moja, kama ukoo wenu unavyotakiwa. Kisha ukaja ukaifuta kwa Kiingereza.

Unafikiri nitasema umemuua. Sikiliza hesabu yangu, ni hesabu ya mutu asiyejua kupendelea. Kafula alivuka ziwa lile labda mara mia mbili. Alivuka kwa ajili ya chumvi. Alivuka juu ya sigara. Mara moja alivuka juu ya kwenda kumwambia mutu utani aliokuwa amesahau kumwambia. Kumuomba mutu kama huyo alete kitabu si kosa. Wewe mwenyewe uliandika alitupwa "by" upepo, na hapo uliandika kweli.

Kosa lako ni Matildah. Siku tisini na moja, leo. Kila siku moja ya hizo ulikuwa na maji ya kumufungulia mukononi mwako, na ukapitia dirishani.

Sasa nikuambie kitu kimoja ambacho wewe hukijui, ingawa ulikigusa kwa meno.

Kafula alikuwa anafunga nyavu zake mafundo mawili. Mutumbwi wake, mawili. Baba alitufundisha hivyo: mawili, ili ziwa likikasirika uweze kufungua haraka na kuacha mali iende, ukabaki na roho. Matatu tunafunga juu ya kitu kimoja tu, mutoto muchanga mugongoni wakati wa kuvuka. Kwa sababu mutoto hatumuachi.

Alifunga kitabu chako matatu.

Nilipofika hapo kwenye barua yako nilitoka nje. Ziwa lilikuwa limelala kabisa, jeupe mpaka ng'ambo. Ninamuona: upepo umefika, maji yanaingia, nyavu nne zinamuvuta, na mutu huyu asiyejua hata herufi moja, mikono yake iko inafunga fundo la tatu juu ya maneno ya bazungu, ili mwenzake ayasome. Mimi nimeishi kwenye ziwa hili miaka arobaini na mbili na nimeona mambo. Jambo kubwa kama hilo sijaona. Hata Kiingereza chako, na maajabu yake yote, sijui kina kigingi cha kulishika.

Na wewe ulitaka tusijue.

Kurithisha jina ni Jumamosi, tarehe 19 Mei. Mukeka umesukwa, unga umetwangwa, na utwangaji una mwenyewe: ni mimi. Kasonde atakaa upande mumoja. Upande wa pili ni wako. Utamupa maji kwa mukono wako, Matildah atavua kitambaa, na baada ya hapo una ruhusa ya kututukana muchana kutwa, na sisi tutakujibu, kwa sababu nina matusi ya siku tisini na moja nimeyakausha vizuri kwa moshi. Ulete na kitabu. Kitawekwa kwenye mukeka pamoja na kisu cha Kafula.

Mashua ya Watson itaondoka Pweto Alhamisi tarehe 17, saa sita ya muchana. Haitangoja saa sita na robo.

Hapa chini nimeandika sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza. Nimeitengeneza kwa barua zako mbili na nimeacha mahali pa jina moja:

Kafula was buried by ........

Ijaze kwa kalamu mbele ya Watson, halafu panda mashua. Au mupe karatasi ikiwa tupu vilevile, na mimi nitajua, na nitatafuta Mamba mwingine wa kuchimba upya kaburi unalolifagia.

Sitaki "imepokelewa." Sitaki "itafikiriwa." Wewe, Patson Chola, utakuja au hutakuja? Ndiyo au hapana, Alhamisi, saa sita.

Olipa Mpundu